Old Sarum: kilima kitupu kilichotuma wabunge wawili London

Nje kidogo ya mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, kuna kilima cha majani kilichozungushiwa handaki kubwa la duara, ukipanda juu unakuta misingi ya mawe ya ngome na pembeni yake alama ya kanisa imechorwa kwenye nyasi, basi. Hakuna mtaa, hakuna soko. Kondoo, upepo na wageni wachache wenye kamera. Sasa kilima hicho kinaitwa Old Sarum, na hadi mwaka 1832 kilikuwa kinatuma wabunge wawili bungeni London, wawili kabisa, sawasawa na miji iliyokuwa na maelfu ya watu. Kwenye uchaguzi wake wa mwisho, 1831, wapigakura walikuwa 11 na wote hao walikuwa wanaishi kwingine.

Watu wakisikia hii stori mara ya kwanza wanacheka, halafu wanauliza swali lilelile, kwahiyo walikuwa wanaiba kura? Jibu ni hapana, na hapo ndipo mimi huwa naumia ninapoisoma historia hii, maana hakuna kura iliyoibwa. Kila kitu kilikuwa cha halali, kina karatasi, kina mashahidi, kina msimamizi aliyesimama na kusoma sheria kwa sauti mbele ya watu. Ukitaka kuelewa ilikuwaje kilima kikawa na wabunge inabidi uachane kwanza na wazo tulilozoea kwamba jimbo ni watu wa eneo fulani, kwa sababu pale Old Sarum jimbo halikuwa watu, lilikuwa kiwanja, na kiwanja kinauzwa.

Tuanze na watu wenyewe, maana walikuwepo. Hicho kilima kimekaliwa tangu enzi za chuma, kabla ya Warumi, halafu Wanormani walipoiteka England mwaka 1066 wakakiona kinafaa, wakajenga ngome juu yake, na hapohapo ndani ya handaki wakajenga na kanisa kuu. Mwaka 1086 William Mshindi aliwaita pale wamiliki wakubwa wa ardhi wa nchi nzima wakaapa kumtii, kwahiyo siyo sehemu ya hovyo, kilikuwa kituo cha dola. Kanisa likawekwa wakfu 1092 na siku tano tu baadaye dhoruba ikaliharibu. Na shida ya pale haikuisha, kilima kina upepo mkali, maji ni ya taabu, na mapadri walikuwa wamebanana na wanajeshi wa ngome ndani ya ukuta mmoja, kila siku ugomvi. Mwisho askofu Richard Poore akaamua kuhama, wakashuka bondeni karibu na mto, na Aprili 1220 likawekwa jiwe la msingi la kanisa jipya. Ndilo hilo kanisa kuu la Salisbury la leo lenye mnara wa mita 123, mrefu kuliko minara yote ya makanisa Uingereza.

Watu wakafuata kanisa, ndo kawaida. Soko likashuka, mafundi wakashuka, mji mpya ukakua haraka sana. Kule juu wakabaki wachache, na mwaka 1331 mfalme akaruhusu mawe ya kanisa la zamani yachukuliwe kujengea ukuta wa eneo la kanisa jipya, yaani mji wa zamani ulibebwa jiwe kwa jiwe kwenda kujenga mji mpya. Kilichobaki kilimani hakikubebeka, nacho ni haki ya kuchagua wabunge.

Hiyo haki ilitoka wapi? Mwaka 1295 mfalme Edward wa Kwanza alikuwa anahitaji hela za vita, akaitisha bunge, na amri ikaenda kwa masherifu wa kila kaunti kwamba walete watu wawili wawili kutoka kila mji. Hakuna aliyehesabu watu, hakukuwa na fomula ya kusema mji wenye idadi hii unapata mbunge na wenye idadi ile haupati, ilitegemea sherifu na mazoea ya pale. Old Sarum ikaitwa 1295, baadaye ikapotea potea kwenye orodha, halafu katikati ya karne ya 14 ikarudi na ikakaa moja kwa moja. Salisbury mpya nayo ilikuwa na wabunge wake wawili. Kwahiyo mji uliohama ulikuwa na wabunge, na mahali ulipohama napo pana wabunge.

Na siku zile kuitwa bungeni haikuwa zawadi, ilikuwa mzigo, mji unalipia safari na posho ya mbunge wake na ukishafika unaambiwa kodi imepanda. Baadaye bunge lilipopata nguvu ndipo kiti kikawa kitu cha kutafutwa, na wakati huo orodha ya miji ilikuwa imeshaganda. Wafalme waliendelea kuongeza mji mmoja mmoja mpaka Newark, miaka ya 1670, baada ya hapo kwa upande wa England hakuongezwa mji mwingine. Sisi tumezoea tume inakaa inapitia mipaka, Katiba ya Kenya ya 2010 kwa mfano inataka mipaka ya majimbo ipitiwe kila baada ya miaka 8 mpaka 12, ila England ya wakati ule haikuwa na kitu kama hicho. Ukiwa ndani ya orodha umo, hata mji wako ukichukuliwa na bahari, na hilo siyo la kufikirika maana Dunwich kule pwani ya Suffolk ililiwa na maji karne baada ya karne, na wabunge wake wawili wakaendelea kuwepo.

Sasa tuingie kwenye fundo lenyewe, nani alikuwa na kura.

Leo ukiuliza swali hilo nchi nzima ina jibu moja, umri na uraia. England ya kabla ya 1832 kila mji ulikuwa na jibu lake. Kuna miji kura ilikuwa ya wajumbe wa halmashauri tu, watu thelathini hivi, wengine wote wanaangalia. Kuna miji kura ilikuwa ya kila mwanaume mwenye jiko lake mwenyewe la kuchemshia chungu chake, yaani kipimo cha kuwa mpigakura ni chungu. Preston karibu wanaume wote watu wazima walipiga. Na kuna miji kama Old Sarum ambapo kura ilikuwa imegandishwa kwenye viwanja fulani vya zamani vya mji, viwanja vilivyopimwa enzi hizo kulipokuwa na nyumba na wenyeji wanalipa kodi ya ardhi kwa bwana wao. Mwenye kiwanja ndiye mwenye kura. Nyumba ikianguka, kiwanja kipo. Familia ikihama, kiwanja kipo. Kikilimwa ngano, bado ni kiwanja, na kura yake ipo pale kwenye udongo kama mbegu.

Fikiria leseni ya biashara iliyoandikwa kwa namba ya plot badala ya jina la mtu. Duka limevunjwa, mwenye duka amekufa, hakuna mteja anayepita hiyo njia, lakini anayeshika hati ya hiyo plot anashika leseni. Sasa nunua plot zote za mtaa huo. Hujamhonga mtu, hujamtisha mtu, umenunua ardhi tu kwa bei ya makubaliano na muhuri juu, na kesho yake leseni zote za mtaa ni zako. Ndivyo jimbo lilivyokuwa mali ya mtu.

Hapo nitenganishe majina mawili ambayo watu huyachanganya. Waingereza walikuwa na majimbo yaliyooza na majimbo ya mfukoni. Lililooza ni lile ambalo wapigakura wake wamepukutika, mji umekufa au umebaki vibanda. La mfukoni ni lile ambalo mtu mmoja analimiliki, awepo mpigakura mmoja au mia. Mji unaweza kuwa na watu kibao ukawa wa mfukoni kwa sababu nyumba zote ni za lodi mmoja na kura ilikuwa ya wazi, unasema mbele ya watu unamchagua nani na mwenye nyumba anakusikia. Old Sarum ilikuwa vyote viwili kwa pamoja, imeoza na iko mfukoni, ndo maana kila aliyetaka mabadiliko alianza na mfano wake.

Mfuko wenyewe ulikuwa wa nani? Mwishoni mwa karne ya 17 ulikuwa wa ukoo wa Cecil, ma-Earl wa Salisbury, halafu kwenye miaka ya 1690 mwanzoni ukanunuliwa na Thomas Pitt. Huyu jamaa inafaa tukae naye kidogo. Alikuwa Mwingereza aliyefanya biashara India, alianza kwa kufanya biashara kwa kuvunja ukiritimba wa Kampuni ya India Mashariki, wakamshtaki, wakamtoza faini, na mwisho kampuni ileile ikaona bora awe upande wao, ikampa ugavana wa Madras kuanzia 1698 mpaka 1709. Akiwa kule akanunua almasi ghafi ya karati zaidi ya 400 kwa pauni kama 20,000, ikakatwa London, na mwaka 1717 akamuuzia mtawala wa Ufaransa kwa pauni 135,000. Leo almasi hiyo iko makumbusho ya Louvre na inaitwa Regent. Watu wakamwita Pitt wa Almasi.

Mimi nikisoma hapo nasimama. Hela ya India inatoka Madras, inavuka bahari, inatua kwenye kilima kitupu cha Wiltshire na inageuka viti viwili vya kutunga sheria za nchi, na muda si mrefu sheria za kuitawala India yenyewe. Na hiyo siyo mara moja tu, maana mwaka 1802 jimbo lilipouzwa tena, inatajwa kwa pauni 60,000, mnunuzi alikuwa Lodi Caledon, ambaye baba yake naye alitajirikia India. Wakulima na wafumaji wa Madras hawakujua kama kuna mahali panaitwa Old Sarum, lakini jasho lao lilishapiga kura pale.

Mjukuu wa huyo Pitt wa Almasi ndiye William Pitt, yule wa kwanza, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Aliingia bungeni Februari 1735 akiwa na miaka 26, na njia yake ilikuwa hivi, kaka yake Thomas alichaguliwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, Okehampton na Old Sarum, akachukua Okehampton, na kile kiti kingine akampa mdogo wake. Hakuna kampeni, hakuna mkutano wa hadhara hata mmoja, kiti kimetoka kwa kaka kimekwenda kwa mdogo kama koti.

Sasa njoo tuone siku ya uchaguzi yenyewe, maana hapa ndipo unaiona sistimu kwa macho. Uchaguzi wa 1802, wa kwanza chini ya Caledon, ulifanyika kwenye kibanda cha muda kilichosimikwa shambani chini ya mti mkubwa ulioonyesha mpaka wa mji wa zamani, wenyeji wakiuita Mti wa Bunge. Wapigakura wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mmoja wao ni mchungaji wa kanisa. Msimamizi anasimama, anasoma amri ya kuitisha uchaguzi, anatoa tangazo, halafu, na hii ndo sehemu isiyonitoka kichwani, anasoma sheria ya kukataza rushwa kwenye uchaguzi, yote, mbele ya hao watu wachache ambao kila mmoja anajua kiwanja anachopigia kura ni cha nani. Kisha mchungaji anainuka anapendekeza majina mawili, Nicholas Vansittart na Henry Alexander, na anasema ana imani na mwenendo wao, msimamizi anaunga mkono. Linatolewa tangazo mara tatu kama kuna bwana yeyote mwingine anataka kugombea ajitokeze. Upepo unapita kwenye ngano. Hajitokezi mtu. Wametangazwa wabunge halali. Vansittart huyo baadaye akawa waziri wa fedha wa Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, akipanga kodi za watu wa nchi nzima.

Na kwa kuwa mmiliki anahitaji vichwa vya kupiga kura kwa kila kiwanja, kwenye majimbo ya aina hii kulikuwa na mchezo wa hati za muda. Mwenye mali anamwandikia rafiki au wakili wake hati ya kiwanja, huyo anakuwa mmiliki kwa karatasi siku ya uchaguzi, anatamka kura yake, halafu hati inarudi kwa mwenyewe. Ndo maana unakuta wapigakura wote wanaishi kwingine. Walikuwa wanakuja na hati na kuondoka bila hati.

Utauliza, hivi kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeona hili ni kosa? Waliona. Pitt mwenyewe, yuleyule aliyeingilia mlango wa Old Sarum, Januari 1766 alisimama bungeni wakati wanabishana kuhusu kuwatoza kodi Wamarekani waliokuwa bado makoloni, akasema majimbo ya namna hii ni sehemu iliyooza ya katiba na haiwezi kumaliza karne, isipodondoka yenyewe itabidi ikatwe. Na hayo makoloni yanahusika sana. Wamarekani walikuwa wanasema hatulipi kodi kwa bunge ambalo hatuna mwakilishi ndani yake, na watetezi wa serikali wakawajibu kwamba hata watu wa Manchester na Birmingham hawana mbunge wao na bado wanalipa, kwa sababu mbunge anawakilisha taifa zima, hawakilishi waliomchagua tu. Kwa hoja hiyo mbunge wa kilima kitupu anakuwakilisha na wewe uliye Manchester, tena hata aliye Boston. Ukiikubali hoja hii Old Sarum haina tatizo lolote. Wamarekani hawakuikubali.

Tuwe wakweli pia, watetezi walikuwa na hoja nyingine yenye uzito kidogo. Walisema majimbo haya ndiyo yaliyowapa vijana wenye akili ila wasio na hela nafasi ya kuingia bungeni, wakamtaja Pitt mwenyewe, wakamtaja Edmund Burke aliyeingilia Wendover. Ni kweli vipaji viliingia kwa mlango huo. Ila aliyefungua mlango ni mmoja na alifungua kwa anayemtaka, na siku akichoka na wewe anaufunga. Mwaka 1801 mlango huo ulimpitisha hata John Horne Tooke, mtu wa mageuzi aliyewahi kushtakiwa kwa uhaini na kuachiwa huru, aliyepewa kiti cha Old Sarum na Lodi Camelford, Pitt mwingine wa ukoo uleule, jamaa mkorofi aliyekuja kufa kwenye pambano la bastola 1804. Serikali ikachukia, ikakumbuka kwamba Horne Tooke alishawahi kuwa kasisi, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kuwazuia makasisi kuwa wabunge. Inasimuliwa kwamba Camelford aliambia watu wakimkataa huyo mwenye joho jeusi atawaletea mtumishi wake mweusi awe mbunge. Kwake ilikuwa kejeli ya kuwaudhi wakubwa wenzake, lakini kisheria hakukuwa na cha kuchekesha, kiti kilikuwa chake kumpa amtakaye.

Wakati huo ramani ya watu ilikuwa imepinduka. Viwanda vimeijaza Manchester watu zaidi ya laki moja, Birmingham vilevile, Leeds na Sheffield ziko mbioni, na miji yote hiyo minne haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Kaunti ya Wiltshire, mashamba na kondoo, ilikuwa na wabunge 34. Cornwall 44. Lancashire nzima pamoja na viwanda vyake, 14. Agosti 16, 1819, watu kama 60,000 walikusanyika uwanja wa St Peter's pale Manchester kudai uwakilishi, wamevaa nguo za Jumapili, wamekuja na watoto, na askari wa farasi wakaingizwa kati yao na mapanga wazi. Walikufa watu wasiopungua 15, mamia wakajeruhiwa. Nikiwaza kwamba mwaka huohuo kilima cha Wiltshire kilikuwa na wabunge wawili wamekaa bungeni, nakosa neno.

Machi 1, 1831 Lord John Russell alisimama kwa niaba ya serikali ya Earl Grey na kusoma mswada wa mageuzi. Aliwaambia wabunge wamfikirie mgeni aliyesikia sifa za bunge la Uingereza amekuja kujionea, anapelekwa kwenye kilima cha kijani na kuambiwa hiki kinatoa wabunge wawili, anapelekwa kwenye ukuta wa mawe, nao una wabunge wawili, anapelekwa kwenye bustani isiyo na dalili ya nyumba, wabunge wawili, halafu anapelekwa mji mkubwa uliojaa watu, viwanda na utajiri, anaambiwa huu hauna. Akaanza kusoma majina ya majimbo ya kufutwa na upande wa upinzani wakawa wanacheka, hawakuamini. Kura ya kusomwa mara ya pili ilipita 302 kwa 301. Kura moja. Halafu ukakwama, Mfalme akavunja bunge, ikafanyika uchaguzi, na huo ndo uchaguzi wa mwisho Old Sarum kushiriki, ule wa wapigakura 11. Waliochaguliwa ni James Alexander na Josias du Pré Alexander, ndugu wa ukoo wa Caledon.

Oktoba mswada ukafika bunge la juu la Malodi ukakataliwa kwa tofauti ya kura 41, na maaskofu 21 waliupinga. Nchi ikalipuka. Nottingham walichoma kasri, Bristol fujo zilikwenda siku tatu, nyumba ya askofu ikateketea, na baadaye watu wanne wakanyongwa. Mei 1832 Malodi wakakwamisha tena, Grey akajiuzulu, Duke wa Wellington, mpinzani wa mageuzi, akajaribu kuunda serikali akashindwa, na watu wakaambiana waende benki wakatoe dhahabu yao wamzuie Duke. Mwisho Mfalme William wa Nne akakubali kwamba ikibidi atateua malodi wapya wa kutosha kuupitisha, na wale wa zamani kusikia hivyo wengi hawakutokea kupiga kura. Juni 7, 1832 ikawa sheria. Majimbo 56 yakafutwa moja kwa moja na Old Sarum ilikuwa mojawapo, mengine 30 yakapoteza mbunge mmoja kati ya wawili. Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield kila moja ikapata wawili.

Lipo jambo moja ambalo maelezo mengi hulipita haraka na mimi naliona ndo kiini, nalo ni fidia. Kama jimbo ni mali na mtu kalinunua kwa pauni 60,000, ukilifuta si umemnyang'anya? Watu wa wakati ule walilichukulia swali hili kwa uzito kabisa. Mwaka 1785 Pitt mdogo, mtoto wa yule mkubwa na waziri mkuu pia, alipendekeza kuyafuta majimbo 36 yaliyooza kwa kuwalipa wamiliki, akatenga pauni milioni moja, akashindwa kwa 248 dhidi ya 174. Ireland ilipounganishwa na Uingereza kuanzia 1801 wamiliki wa majimbo yaliyofutwa kule walilipwa kweli, pauni 15,000 kwa jimbo. Kwahiyo mfano wa kulipa ulikuwepo. Na 1832 serikali ikasema hatulipi. Caledon hakupata hata senti. Uamuzi huo wa kutolipa ndio uliosema wazi kwamba kura siyo mali, ni dhamana, na dhamana ikirudishwa huna cha kudai. Mwaka mmoja tu baadaye, 1833, bunge hilohilo jipya lilipofuta utumwa kwenye makoloni yake, liliwalipa wamiliki wa watumwa pauni milioni 20, na watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Kwahiyo kwenye kura walikubali kwamba mtu hawezi kuimiliki, ila kwenye binadamu walilipa kama waliokuwa wanamilikiwa kihalali. Nimelirudia hili mara nyingi na bado linaniwasha.

Na wala sheria ya 1832 haikumpa kila mtu kura kama wengine wanavyodhani. Mjini ilitaka mwanaume mwenye nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka, ikaandika neno mwanaume waziwazi, na baada yake mwanaume mmoja hivi kati ya watano ndiye aliyekuwa na kura. Kura ya siri ilikuja 1872, wanawake walianza kupiga 1918 na kwa masharti, tume ya kudumu ya mipaka ikaja na sheria ya 1944. Majimbo ya mfukoni nayo hayakuisha siku moja, mengine yalidumu miongo kadhaa, kura ikiwa ya wazi.

Leo kilima kiko ndani ya jimbo la kawaida la Salisbury, na kwa kanuni iliyotumika kuchora ramani ya sasa jimbo la huko, ukiacha machache maalumu, linatakiwa liwe na wapigakura wasiopungua 69,724. Ule Mti wa Bunge ulizeeka ukafa mwanzoni mwa karne ya 20, pakawekwa jiwe la kumbukumbu. Ukisimama juu ya kilima ukageukia kusini unauona mnara wa kanisa la Salisbury vizuri kabisa, ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, ndiko walikohamia wenye mji miaka 600 kabla kura zao hazijawafuata.